Mbwa Aliyeongea kama Hakimu

Mwaka 1994 Vincent Connare, mbunifu wa herufi katika kampuni ya Microsoft, alifungua programu iliyokuwa bado inaandaliwa, Microsoft Bob. Mbwa wa katuni akajitokeza kumwelekeza mtumiaji, na maneno yake yameandikwa kwa Times New Roman, herufi zilizoanza kazi mwaka 1932 katika gazeti la The Times la London. Maneno yalikuwa sahihi, lakini mbwa mchangamfu alikuwa anaongea kama hakimu anayesoma hukumu. Connare akachora herufi nyingine, butu, zilizolegea kidogo, kama za vitabu vya katuni alivyokuwa navyo ofisini. Ndizo Comic Sans. Hazikuwahi kukamilika kwa wakati ili kumfaa mbwa yule, ila zimeenea dunia nzima, hadi kwenye matangazo ya misiba, ambako hazina heshima hata kidogo.

Sauti ya herufi inatoka wapi? Kwa sehemu, kwenye umbo. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza jaribio la michoro miwili, mmoja wa mviringo, mwingine wa ncha kali, na majina mawili yasiyo na maana: takete na baluma. Walio wengi huupa mchoro wa ncha jina la takete. Yatamke mwenyewe: la kwanza linagonga, la pili linateleza. Jicho na sikio hukubaliana kabla akili haijatafuta maana.

Kinachonigusa zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Hyunjin Song na Norbert Schwarz wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wanafunzi walipewa maelekezo yaleyale ya mazoezi ya viungo, wengine kwa Arial iliyo wazi, wengine kwa herufi za mtindo wa brashi zinazosumbua kusoma. Wa kwanza walikisia mazoezi yangechukua dakika 8.2; wa pili, dakika 15.1, na hamu ya kuyafanya ikapungua. Halikubadilishwa neno hata moja. Ugumu wa kusoma ulihamia kwenye zoezi lenyewe. Nikiona maelezo ya dawa yamesongamana kwenye kikaratasi kwa herufi kama punje za mchanga, naona suala la afya, si la urembo.

Historia nayo ina mkono wake. Fraktur, herufi nyeusi zenye pembe, zilichapa vitabu vya Wajerumani kwa karne kadhaa. Leo wengi wakiziona huwaza Wanazi, ilhali Wanazi wenyewe ndio walioamuru ziachwe, Januari 1941.

Kanga nayo imeshika njia yake. Jina lake, yaani msemo wake, liwe la mapenzi, la pole au la kijembe, kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa zilezile, zilizosimama wima, zisizocheka wala kununa. Hisia anazijua aliyeivaa, na yule anayepishana naye mlangoni.