Kabla Mzee Hajatoka Wodini

Mzee aliyepatwa na kiharusi anapoambiwa kwamba kesho ataruhusiwa kwenda nyumbani, jamaa zake hufurahi, nao wana haki ya kufurahi. Lakini tumekwisha kuona mara nyingi jinsi ruhusa hiyo itolewavyo. Huitwa mwana mwenye kazi, yule aliyelipa. Hupewa karatasi na vidonge, huelezwa mambo kumi kwa dakika tano, naye huitikia yote. Mke wa mzee, au binti yake, ambaye ndiye atakayeamka usiku kumgeuza, yuko nje langoni na chupa ya uji, akingoja saa ya kutazama wagonjwa.

Twasema kwamba aliyefundishwa siye.

Kumtunza mgonjwa wa namna hii ni ufundi, nao haupatikani kwa kusimuliwa. Asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo nyama ya kiunoni na visiginoni hukosa damu, vikazuka vidonda vya kulalia. Uji hunyweshwa akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kwani koo lililolegea huweza kuupeleka mapafuni. Hainuliwi kwa kuvutwa mkono uliopooza, maana bega huteguka. Wala vidonge vya shinikizo la damu haviachwi kwa kuwa mzee amepata nafuu.

Basi yafaa muuguzi amwite mtunzaji mwenyewe siku kadhaa kabla, atende mbele yake, kisha amwachie naye atende. Kuuliza "Umeelewa?" hakutoshi, nani atamjibu muuguzi kwamba hakuelewa? Na mzee aulizwe: choo kiko mbali gani, analala kitandani au chini? Mara nyingi husemwa habari zake kana kwamba hayupo.

Wauguzi ni wachache na wodi zimejaa, twalijua hilo. Hata hivyo mgonjwa anayerudishwa na vidonda huchukua kitanda kwa majuma mengi.

Nao waajiri wana sehemu yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilimpa mfanyakazi siku 4 zenye malipo akiuguliwa na mtoto, au akifiwa na mzazi. Mzazi anayeugua haikumtaja. Vyama vya wafanyakazi vinapoketi kufunga mikataba ya hali bora, tungependa siku mbili tatu za kwenda wodini kujifunza ziandikwe humo, bila kukatwa katika likizo ya mwaka.