Mbele ya kuona papa potwe, tuone kwanza mapafu yetu



Kamarade mmoja wa kazi ya kutoboa miamba alikuja ku biro yetu ya sendika na picha ndani ya telefone: samaki mkubwa, mgongo wenye madoa meupe, na mtu anaogelea pembeni yake kama mtoto pembeni ya lori. Akasema: « Ba delege, miaka 20 napiga mashini chini ya udongo. Konje hii nataka nishuke chini ya maji, nione ile nyama. » Wengine walicheka. Sisi tulikamata kalamu, juu safari ni hesabu, na hesabu haikatazwi kwa mchimbaji.

Ile nyama, watu wa pwani wanaiita papa potwe. Papa hapa si baba wa nyumba, ni requin. Ndiye samaki mkubwa kupita wote duniani: anaweza kupita mita 12, karibu urefu wa remorke inayobeba shaba yetu. Lakini hali watu. Anafungua kinywa na kuchuja viumbe vidogo sana ndani ya maji. Madoa ya kila mmoja iko tofauti, sawa alama ya kidole chako ku karte ya uchaguzi.

Wapi na lini? Kisiwa cha Mafia, Tanzania, kusini ya Dar es Salaam. Mbele ya mji wa Kilindoni wanaonekana zaidi toka mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 3. Kwetu Katanga ni wakati wa mvua. Basi demande ya konje iandikwe mapema, kabla makamarade wote hawajaomba Noeli.

Njia tunaijua, ni ile ya shaba yetu: Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, Dar es Salaam. Toka Dar kuko ndege ndogo. Mwenye mfuko mwepesi anashuka kwa gari mpaka Nyamisati, anavuka na boti mpaka Kilindoni. Usisahau pasipoti na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano.

Sasa tuseme juu ya chupa. Ndani yake kuko hewa ya kawaida, si oksijeni tupu kama wengi wanavyofikiri. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Ukivuta hewa kule chini, halafu ukapanda na pumzi imefungwa, ile hewa inavimba na inaweza kupasua pafu. Kwa hiyo usifunge pumzi hata kidogo. Panda polepole, usipite mita 9 kwa dakika, na simama dakika 3 pa mita 5. Mwanafunzi wa kwanza hapiti mita 18. Na ukitoka majini, usipande ndege mbele ya saa 18 kupita. Hata basi, ngoja siku nzima, juu barabara ya Tunduma inapanda milima ya Iringa na Mbeya.

Mambo haya si mageni kwa wachimbaji. Ugonjwa wa viungo unaowapata wazamiaji wanaopanda mbio ulionekana kwanza kwa watu wa mine. Karibu mwaka 1840, kule Ufaransa, pembeni ya mto Loire, enjenia Triger alisukuma hewa ndani ya kisima cha makaa ya mawe ili maji yasiingie. Wafanyakazi walipotoka, wengine walishikwa na maumivu ya viungo. Mwili wa mchimbaji ndio ulilipa lile somo.

Shule ya kuzamia inakupa karatasi ya maswali: moyo, masikio, kifua. Kamarade alifika pa swali la mapafu, akanyamaza. Kila mwaka wanamupiga radio ya kifua pa kazi; hajapewa jibu hata siku moja. Tulienda naye kudai karatasi mara tatu. Mara ya tatu tuliipata. Daktari aliiangalia kwenye mwangaza: vumbi ya mawe imeacha makovu ku mapafu yote mawili. Pafu la namna ile linaweza kufunga hewa ndani wakati wa kupanda. Chupa, hapana.

Kamarade alikaa kimya muda mrefu. Bibi yake ndiye aliuliza: « Na bila chupa, haiwezekane? »

Inawezekana. Pa Kilindoni papa potwe wanakula karibu na uso wa maji. Watu wanawaona na miwani ya maji, mrija wa kupumulia na kizibao cha kuelea, bila kushuka. Unakaa mbali naye mita 3 au zaidi, haumugusi, haumufungii njia. Daktari alikubali hivyo, na wote wawili wataenda.

Lakini sisi tunauliza: kama hakukuwa ile picha ya samaki, kamarade angejua lini habari ya kifua chake? Kifua ni chako, basi na jibu la radio ni lako. Omba kopi kila mwaka, hata kama hauna safari. Wakikukatalia, njoo na mwenzako, njoo na delege, rudi tena.

Bibi ya kamarade ameweka ile karatasi ndani ya bahasha moja na pasipoti.