Usiku Maji Yanaporudi Mtaani

Mtu aliyezoea kisima au mto, anapomtembelea ndugu yake aliyepanga chumba Nairobi, huona jambo la ajabu hata kabla ya kukaribishwa kiti. Huona mitungi. Mitungi ya njano ya lita 20 imepangwa chini ya kitanda, nyuma ya mlango na kando ya jiko, na pengine mmoja wao umegeuzwa kuwa kiti cha watoto. Akiuliza sababu, hujibiwa kwa ufupi kwamba leo si siku ya maji. Mgeni hucheka akidhani ni mzaha, kwa maana kule kwao maji hayana siku.

Lakini si mzaha. Kwa miaka mingi sasa maji ya jiji hili yamekuwa yakigawanywa kwa ratiba ya wiki. Mtaa huu hupata siku hizi, na mtaa ule siku zile. Na ratiba yenyewe ni kitu cha karatasi. Huenda ikasema Jumanne, na maji yakaja Jumatano saa tisa za usiku, yakatiririka kwa saa mbili, kisha yakakatika kabla ya adhana ya alfajiri. Karani aliyelala usingizi mzito usiku ule huamka na kukuta bomba limenyamaza, naye ana shati moja tu safi na wiki nzima mbele yake.

Yafaa kueleza asili ya dhiki hii, maana wengi hudhani kwamba ni uvivu wa mtu fulani ofisini. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na hakuna aliyeipimia maji ya mamilioni ya watu. Maji ya mwanzo yalitoka katika chemchemi za Kikuyu, kisha Ruiru, kisha bwawa la Sasumua lililojengwa katika miaka ya 1950. Bwawa kubwa la Ndakaini, lililoko Gatanga katika Murang'a, lilikamilika mwaka 1994, na tangu hapo ndilo lenye kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Hesabu ya watu ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba jiji lilikuwa na watu 1,324,570. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha 4,397,073. Handaki la kuleta maji zaidi kutoka mito ya Murang'a limechimbwa, lakini mabomba ya mjini ni ya zamani, na sehemu kubwa ya maji hupotea njiani, mengine kwa mipasuko na mengine kwa mikono ya wezi. Mkulima wa Gatanga, anayeliona bwawa lile kila asubuhi akichuma majani chai, huenda akashangaa kusikia kwamba binamu yake aliyeko Eastlands hununua maji hayo hayo kwa mtungi, kutoka kwa kijana mwenye mkokoteni, tena kwa bei inayopanda kila ukame unapozidi.

Basi turudi kwenye ploti, usiku ule wa maji.

Ploti ni ua mmoja wenye vyumba kumi, ishirini au zaidi, na bomba moja katikati. Katika mitaa ya zamani iliyojengwa na serikali ya jiji au na reli, kama Muthurwa na Shauri Moyo, mabomba na mahali pa kufulia vilijengwa vya pamoja tangu mwanzo, kwa hiyo mambo haya si mageni kwa wenyeji wa huko. Jioni ya siku inayotarajiwa, mitungi hutolewa nje na kupangwa foleni. Mwenye mtungi huenda zake kulala, na mtungi humshikia nafasi. Kila mmoja una alama yake: kamba nyekundu mpinini, herufi mbili za rangi ya mafuta, au kifuniko kilichofungwa kwa kipande cha nailoni. Kusogeza mtungi wa mwenzako mbele ni adabu mbaya. Kuusogeza nyuma ni vita. Ugomvi mwingi ambao msimamizi wa ploti hulazimika kuuamua hautokani na kodi, wala ulevi, bali na mtungi ambao jioni ulikuwa wa tatu na usiku ukakutwa wa saba bila miguu yake kujulikana.

Bomba huachwa wazi, na chini yake huwekwa sufuria tupu. Hiyo ndiyo kengele. Kwanza husikika upepo ukikoroma ndani ya bomba, kisha kikohozi kimoja au viwili, kisha matone yanaligonga bati la sufuria. Daima yuko mtu mmoja anayesikia kabla ya wengine. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mchanga, au mzee ambaye usingizi umemkimbia kwa umri.

Mtu huyo, akiwa amesimama peke yake gizani na kanga mabegani, ana shauri la kukata, nalo si dogo kama linavyoonekana. Akiijaza mitungi yake yote kimya kimya, atapata maji ya kufua, ya kupikia na ya kuoga, na hakuna atakayemshitaki. Akibisha milango, baada ya dakika tano ua utajaa watu, foleni itashikwa kwa utaratibu wake, na yeye ambaye mtungi wake ni wa tisa atangoja zamu ya tisa. Tena maji hayana ahadi. Yaweza kukatika yakiwa katika mtungi wa nane.

Watu wa ploti humjua kila mpangaji kwa jambo hili moja kuliko kwa kabila lake au kazi yake. Yuko anayebisha mlango kwa mlango, akisema kwa sauti ya chini ili asiwaamshe watoto, "Hodi, mama, maji yametoka." Na yuko asiyebisha. Huyu wa pili hujulikana asubuhi bila kutajwa na mtu, kwa sababu kamba za nguo zimejaa mashuka yake, na wengine wote wanapita wakiwa na mitungi mitupu mkononi. Hakuna anayemsema mbele yake. Ila siku atakapoomba kuazimwa jiko au kulindiwa mtoto kwa saa moja, ataona kwamba kila jirani ana haraka.

Isidhaniwe kwamba anayebisha ni malaika. Mara nyingine ni yule yule aliyegombana na wenzake jana juu ya umeme. Hilo nalo ni lalamiko kubwa la mtaani, hasa penye mita moja kwa vyumba vingi. Tokeni hununuliwa kwa mchango sawa, lakini mmoja ana taa moja tu, na mwingine hupiga pasi kila asubuhi, huchemsha maji ya kuoga kwa umeme na kuacha redio ikiimba peke yake. Umeme ukiisha Jumamosi usiku wakati wa mpira, kila mtu huwa mhasibu. Takataka nazo zina kesi zake, na kamba za nguo pia. Hayo yote ni mambo ya kusameheana.

Kelele ni jambo jingine. Hapa wenye kulalamika wana haki zaidi kuliko wanavyopewa. Kanuni za kuzuia kelele za kupita kiasi zilitangazwa nchini mwaka 2009, na bado mtaa mmoja waweza kuwa na baa upande huu na kesha la maombi upande ule, vyote vikiwa na vipaza sauti vilivyoelekezwa kwenye dirisha la mtu mmoja. Askari wa lindo, muuguzi wa zamu ya usiku na mwoka mikate hulala mchana, wala hawana mchana ulio tulivu. Mwenye baa husema anatafuta riziki. Mwenye kesha husema anatafuta roho za watu. Aliyelala hatafuti kitu isipokuwa saa sita za usingizi, naye ndiye anayeambiwa kwamba ana maringo.

Hata hivyo, ni watu wachache wanaohama mtaa kwa hiari baada ya kuuzoea. Ukifika mtaani saa kumi na mbili za jioni, matatu zinapomwaga watu barabarani, waweza kuona kwa nini. Moshi wa mahindi ya kuchoma umetanda. Chapati zinageuzwa kwenye makaa mbele ya mlango. Mama mboga anakatakata sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi, huku akizungumza bila kutazama kisu, na katika daftari lake la madeni mna habari za nyumba zote: nani amelipwa mshahara, nani amepunguziwa kazi, na nani ana mgeni asiyependa kuondoka. Chini ya mti wazee wanacheza drafti kwa vifuniko vya chupa, na kila mchezaji ana washauri sita wasioombwa. Kwa muuza magazeti, watu kumi wamesoma habari za mbele wakiwa wamesimama na hakuna hata mmoja aliyenunua. Mwenye meza hunung'unika, lakini hawafukuzi, kwa kuwa mabishano yao humletea wanunuzi.

Tena kuna lile gunia. Mpangaji akirudi kutoka nyumbani baada ya Krismasi, hashuki kwenye gari mikono mitupu. Ana viazi vitamu, ndizi, mahindi mabichi, au kuku aliyefungwa miguu. Kabla gunia halijafika chumbani limepungua kwa theluthi, maana kila mlango lazima uonje. Mkulima aliyelijaza shambani anadhani amemlisha mwanawe. Kwa kweli amelipa deni la watu asiowajua, waliombishia mwanawe hodi usiku mwaka mzima.

Siku hizi katika sehemu nyingi, Pangani na Ngara zikiwamo, nyumba za chini za zamani zimeondolewa na ghorofa ndefu zimesimama mahali pake. Penye tangi kubwa na pampu, maji hupanda yenyewe, na mtu hufungulia bomba ndani ya jiko lake mwenyewe. Ni raha isiyo na ubishi, hasa kwa akina mama waliobeba mitungi tangu utoto. Waliohamia nyumba za namna hiyo husema kwamba sasa wanalala hadi asubuhi. Wengine husema pia kwamba wamemaliza mwaka bila kujua mtoto wa nyumba ya pili anaitwa nani.

Kwenye ploti, kukicha baada ya usiku wa maji, ua huwa umeloa na umejaa povu la sabuni. Makarani wamekwisha kwenda kazini wakiwa na mashati meupe, na watoto wako shuleni. Saa tatu hivi askari wa lindo hurudi kutoka zamu, macho mekundu, akijua kwamba maji yalitoka naye hakuwapo. Mlangoni pake hukuta mitungi yake mitatu imejaa hadi shingoni na vifuniko vimekazwa. Huuliza ni nani aliyemjazia. Ua ni mtupu, isipokuwa bibi mmoja mzee anayeanika nguo, naye hujibu kwamba hakuona mtu.