Ndizi na karanga: mshahara wa panya wenye kutafuta mabomu, na somo kwa wafugaji wa kobaye

Pweto, Haut-Katanga – Kwa wakaaji wengi wa Katanga, panya buku ni nyama ya pori. Anawindwa, anakaushwa, analiwa na bukari. Lakini mjini Morogoro, Tanzania, panya wa jamii hiyo anaamka mapema kwenda kazini, na mshahara wake ni ndizi iliyopondwa na punje za karanga.

Kazi yenyewe ni kunusa. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, linafanya kazi Morogoro tangu 2000 pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Linafundisha panya buku kutambua harufu ya baruti iliyo ndani ya mabomu yaliyozikwa, na harufu ya kifua kikuu ndani ya makohozi ya wagonjwa.

Panya hao hawafundishwi kwa fimbo. Mwalimu ana kifaa kidogo chenye kutoa mlio. Panya akigundua harufu inayotakiwa, mlio unasikika, na mara moja anapewa kionjo. Baada ya muda anaelewa kwamba harufu ile inaleta mlio, na mlio unaleta chakula. Mafunzo yanachukua karibu mwaka mmoja.

Njia hiyo inafaulu kwa sababu inafuata maisha ya mnyama mwenyewe. Porini, panya buku hutoka usiku, ananusa udongo, anachimbua mbegu, anajaza mifuko ya mashavu yake na kubeba akiba hadi shimoni. Kutafuta ndiyo shughuli yake. Akifungiwa na sahani iliyojaa siku nzima, shughuli hiyo inakwisha, na anabaki kula na kulala.

Ndiyo maana kipimo kinaangaliwa sana. Kionjo ni kidogo, na siku za kazi chakula kinatolewa kwa kiasi, ili panya awe na hamu ya kutafuta bila kukonda. Siku za mapumziko anakula zaidi. Panya aliyeshiba kupita kiasi hanusi vizuri.

Kwenye kifua kikuu, kionjo kinaamua hata ukweli wa majibu. Panya anapitishwa kwenye makohozi ambayo hospitali imekwisha kuthibitisha kuwa na ugonjwa, yakichanganywa na yale ambayo hospitali ilisema ni mazima. Analipwa kwa yale yaliyothibitishwa tu. Akisimama kwenye mengine, halipwi, lakini makohozi hayo yanapimwa upya. Kama angelipwa ovyo, angejifunza kusimama popote. APOPO inasema njia hiyo imewaongezea vituo vya afya wagonjwa wanaogunduliwa kwa karibu asilimia 40. Panya mmoja anapitia makohozi 100 kwa dakika 20.

Kwenye mabomu, faida inaonekana kwa macho. Panya buku ana uzito wa kilo moja na kidogo, hivyo halipui bomu akipita juu yake. Kwa dakika 30 anamaliza eneo lenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutafuta chuma anaweza kuifanya kwa siku nne. Msumbiji, ambako panya hao walifanya kazi miaka mingi, ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, aligundua mabomu 71 nchini Kamboja na kupewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022. Mwenzake Ronin alimpita kwa mabomu 109, rekodi iliyotangazwa mwaka 2025.

Wakaaji wa Pweto hawahitaji kuelezwa uzito wa hesabu hizo. Desemba 2000 mji huo wa kando ya Ziwa Mweru ulianguka mikononi mwa RCD-Goma na jeshi la Rwanda, na maelfu ya raia na askari wakakimbilia Zambia. Vita vikipita, silaha zinaweza kubaki udongoni, na mwenye kuzikuta mara nyingi ni mkulima mwenye jembe au mtoto mwenye kucheza.

Somo la kionjo linafika pia nyumbani, kwa wenye kufuga kobaye. Badala ya kurundika majani mahali pamoja, ambapo wakubwa wanakula na wadogo wanasukumwa, mfugaji anaweza kuyatawanya pembe zote, kuyaficha kidogo chini ya nyasi kavu, au kuyafunga fungu na kuyatundika chini. Wanyama wanatembea, wanatafuta, wanapigana kidogo, na kila mmoja anapata.

Lakini kionjo cha panya buku si cha kila mnyama. Panya buku anakula karibu kila kitu. Kobaye ni mla majani. Mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, kama mwili wa mtu, kwa hiyo anahitaji nyasi mbichi na mboga kila siku, hata wakati wa kiangazi. Matembele na kipande kidogo cha pera vinamfaa kuliko mabaki ya bukari. Ndugu yake wa mbali, degu wa Chile, mwenye kufugwa majumbani huko Ulaya, anapata ugonjwa wa sukari kwa urahisi akipewa matunda matamu. Ndizi inayomlipa panya wa Morogoro ingemwumiza.

Kwa mfugaji asiye na pesa za ziada, habari njema ni kwamba mabadiliko haya hayagharimu kitu. Majani ni yale yale ya kila asubuhi. Kinachobadilika ni mahali yanapowekwa.