Kelele za feni ya rejeta

Kelele za feni ya rejeta ni sauti inayotolewa na feni inayopoza maji ya injini ya gari. Feni hiyo huvuta hewa ipite kwenye rejeta, hasa gari likiwa kwenye foleni, wakati upepo wa mwendo hautoshi.

Chanzo

Kelele hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni mvumo wa toni maalumu, unaotokea kila panga la feni linapopita karibu na kitu kisichozunguka, kama mikono inayoshikilia mota. Marudio yake ni idadi ya mapanga mara idadi ya mizunguko kwa sekunde. Kwa mfano, feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde, hutoa mvumo wa hezi 280. Aina ya pili ni sauti ya upepo isiyo na toni maalumu, inayotokana na hewa kuvurugika kwenye kingo na ncha za mapanga.

Njia za kuzipunguza

Nguvu ya sauti hubadilika takriban kwa kipeo cha tano cha kasi. Kasi ikipunguzwa kwa asilimia 20, kelele hushuka kwa takriban desibeli 5. Lakini hewa inayopita hupungua pia, na injini inaweza kuchemka. Kwa hiyo wasanifu hutafuta maumbo yanayovuta hewa ileile kwa mizunguko michache, au yanayogawanya mvumo:

* Mapanga yaliyopinda kama mundu: sehemu zote za panga hazipiti mbele ya mkono wa mota kwa wakati mmoja, hivyo pigo la shinikizo hupungua.
* Nafasi zisizolingana kati ya mapanga: sauti husambaa kwenye marudio mengi, na sikio halikerwi na toni moja. Hata hivyo uzito lazima usawazishwe ili feni isitetemeke.
* Pete inayounganisha ncha za mapanga: pengo kati ya pete na kava likiwa dogo, hewa kidogo tu hurudi nyuma.
* Idadi ya mikono isiyolingana na ya mapanga: mapigo hayatokei yote kwa pamoja.

Katika magari ya umeme suala hili lina uzito zaidi, kwa kuwa hakuna mngurumo wa injini unaofunika sauti ya feni, hasa betri inapopozwa wakati wa kuchaji kwa kasi.