Kuchonga shingo ya gitaa katika hewa ya Voi

Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida, zikikazwa hadi kwenye sauti zake, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Za nailoni huvuta kama kilo 40. Mvuto huo hubebwa usiku na mchana na kipande cha mbao ambacho, mahali pake pembamba, kina unene wa milimita 20 na ushei. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka kuchonga shingo yake mwenyewe, simuulizi kwanza kama ana tupa kali. Namuuliza mbao ameipata wapi na imekaa muda gani.

Hapa Taita Taveta swali hilo halikwepeki. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, kwenye nyika kavu inayopakana na Tsavo. Panda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi, utakuwa kwenye mita 1,400 hivi, ndani ya ukungu wa milima ambayo kilele chake, Vuria, kinapita mita 2,200. Teremka kwa treni hadi Mombasa, ukutane na joto lenye unyevu wa bahari. Mbao hunywa unyevu na kuutoa kila inapobadilishiwa hewa. Hutanuka na kusinyaa kwa upana, ilhali urefu wake hausogei ila kwa kiasi kidogo mno. Mpigaji anayeitwa kwenye harusi za milimani na za pwani hulipitisha gitaa lake katika hewa tatu ndani ya siku chache. Ubao ukiwa ulifanyiwa kazi kabla haujakauka, kiangazi kitausema: ncha za freti zitaanza kukwaruza vidole. Chuma hakikurefuka, ni mbao iliyorudi ndani.

Viwanda vingi hutumia mahogani au mepo kwa shingo. Sisi tuna mukau, ambao Wadawida huuita kirumbutu, mti wa nyika za Afrika Mashariki ulio wa ukoo mmoja na mkangazi. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, imehimiza upandwe kwenye maeneo makavu kwa kuwa hukua upesi na mbao zake hustahimili mchwa. Kwa shingo ningeuchagua kabla ya mgrivilea uliojaa kwenye mashamba ya milimani. Mgrivilea una madoa ya kupendeza kweli, lakini mbao za mti mchanga hujipinda, na shingo si mahali pa kujaribia bahati. Kwa ubao wa vidole, ukipata kipande cha mpingo, umepata kilicho bora. Kipande kidogo chatosha: mpingo hukua polepole sana, na tangu 2017 jamii yake yote imo chini ya udhibiti wa biashara wa mkataba wa CITES, ingawa ala zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo mwishoni mwa 2019.

Mbao ikipatikana, tazama mishipa yake. Inatakiwa ikimbie sambamba na urefu wa shingo. Inapotokeza nje kwa mshazari, hapo ndipo itakapovunjika, hasa nyuma ya kichwa, kwa sababu kichwa hulala nyuma digrii 13 hadi 15 na mishipa hukatwa njiani. Dawa yake ni kukata ubao kwa mshazari, kugeuza kile kipande na kukigundisha, ili mishipa ya kichwa ifuate mwelekeo wa kichwa chenyewe. Watu huiona gundi hiyo kama kiraka. Ikifanywa vizuri, ni imara kuliko kichwa kilichochongwa ndani ya gogo moja.

Sasa ule mviringo wa mgongo wa shingo ambao kila mwanafunzi anaukimbilia. Usiuanze bado. Piga randa uso wa juu hadi rula ya chuma isipitishe mwanga, chimba mfereji wa fimbo ya kurekebisha mpindo wa shingo (Thaddeus McHugh wa Gibson alipata hataza yake mwaka 1923), punguza nyama nyingi ya nyuma, kisha itundike shingo karakanani wiki kadhaa. Kila unapoondoa mbao unafungulia mikazo iliyokuwa imefungwa ndani, na ubao hujikunja kidogo. Ukirudi, piga randa tena uso wa juu. Hapo ndipo ugundishe ubao wa vidole.

Mviringo wenyewe hutoka kwenye nyuso bapa, na aliyewahi kuchonga mpini wa jembe anaijua njia hii. Chonga kwanza vituo viwili hadi kipimo kamili pamoja na ubao wa vidole, tuseme milimita 21 kwenye freti ya kwanza na 23 karibu na kisigino. Unganisha vituo hivyo kwa mstari ulionyooka. Kata kona mbili za nyuma kwa digrii 45, halafu kata kona zilizozaliwa, na tena zinazofuata, mpaka tupa iwe na kazi ndogo na msasa uwe na ndogo zaidi. Jicho hukagua ubapa kwa urahisi, mviringo hulidanganya.

Na usipunguze kwa uchu. Ukishuka kutoka milimita 22 hadi 20, shingo hupoteza takribani robo ya ugumu wake, kwa kuwa ugumu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kaunti iliyomzaa mwanamuziki Fadhili William Mdawida mwaka 1938 haijakosa wapiga gitaa, ila magitaa ya dukani huja na shingo zilizokatiwa mkono wa wastani. Mwenye gumba refu linalopanda juu ya ubao hufurahia mgongo wenye ukingo kidogo katikati. Mwenye kiganja kipana hupenda ulio bapa. Mwite mpigaji aishike shingo kabla ya msasa wa mwisho.

Nyuzi zikishakazwa, acha shingo ipinde mbele kidogo sana, milimita 0.2 hadi 0.3 kwenye freti ya saba, nyuzi zipate nafasi ya kutikisika. Mgongo usipakwe vanishi nene, maana kwa joto la Voi kiganja chenye jasho hunata. Mafuta ya kitani, tabaka nyembamba zilizosuguliwa na kuachwa zikauke, yanafaa zaidi. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yaanikwe nje yakiwa yametandazwa. Yakirundikwa kwenye kona ya karakana hujipasha moto yenyewe, na huweza kuwaka.