Mrejesho wa Watumiaji katika Uboreshaji wa Programu za Simu za Mwongozo wa Kukwea Miamba

Makala haya yanaeleza namna mrejesho wa watumiaji unavyoweza kutumika kuboresha programu za simu zinazotoa mwongozo wa kukwea miamba. Mfano mkuu ni Mountain Project, hifadhidata ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo sehemu kubwa ya maelezo yake imeandikwa na wakweaji wenyewe. Pale inapobidi, miamba ya Kenya inarejelewa. Hoja inayojengwa ni kwamba mrejesho huu haupaswi kushughulikiwa kama ule wa programu za muziki au za kuagiza chakula. Mtumiaji wa programu ya muziki akipewa taarifa yenye kasoro hukosa wimbo. Mkweaji akipewa urefu wa njia usio sahihi huweza kuishiwa kamba akiwa hewani.

Katika uhandisi wa programu, ni kawaida kuutenga mrejesho katika makundi mawili, yaani ripoti za hitilafu na maombi ya huduma mpya. Uainishaji huo hautoshi hapa. Lipo kundi la tatu, nalo ndilo lenye uzito zaidi: mrejesho unaohusu mwamba wenyewe. Programu inaweza kufunguka upesi na kuonyesha ramani bila kukwama, huku ikieleza mwamba ambao haupo tena jinsi ulivyoelezwa, kwa kuwa jiwe limeng'oka au boliti zimeliwa na kutu. Huko Railay, Thailand, boliti za chuma kisichoshika kutu zilivunjika kwa sababu ya mazingira ya bahari, na wakweaji wakalazimika kuzibadilisha kwa za titani. Kwa macho, boliti ya aina hiyo huweza kuonekana nzima. Hivyo basi, mrejesho usio na tarehe hauna thamani kamili, hata kama ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa.

Urefu wa njia unastahili kujadiliwa kwa kina. Tuchukue njia yenye mita 35 inayokwewa kwa kamba ya mita 60. Mkweaji akifika juu na kuanza kuteremshwa na mwenzake, kamba inayohitajika ni mita 70. Itakapoisha, mkweaji atakuwa bado mita 10 hivi kutoka chini, na ncha ya kamba isipofungwa fundo itachomoka katika kifaa cha mshika kamba. Ajali za namna hii zinafahamika vyema miongoni mwa wakweaji. Sasa tuseme programu imeandika mita 28. Hesabu inatoa mita 56, na kamba ya mita 60 inaonekana kutosha. Mtumiaji aliyenusurika akiandika tu kwamba "njia ni ndefu kuliko ilivyoelezwa", maneno yake huingia katikati ya sifa za mandhari na malalamiko kuhusu maegesho ya magari, na msomaji anayefuata huenda asiyafikie kamwe.

Tatizo hapa si uhaba wa mrejesho bali ni mahali unapowekwa. Maoni yanayogusa urefu, boliti au mawe yaliyolegea yanapaswa kutenganishwa na maoni mengine na kuonyeshwa juu ya maelezo ya njia, hata kabla ya kuthibitishwa, yakiwa na alama ya kuonyesha kwamba hayajathibitishwa. Wapo watakaopinga kwamba utaratibu huo utaruhusu taarifa za uongo. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini gharama hazilingani: onyo la uongo humfanya mtu abebe kamba ndefu bure, ilhali onyo lililocheleweshwa huweza kumuua. Aidha, fomu ya mrejesho imuulize mtumiaji kama urefu aliupima au aliukadiria.

Madaraja ya ugumu ni suala la namna nyingine, kwa kuwa daraja si kipimo bali ni makubaliano. Katika mfumo wa Yosemite unaotumika Marekani, njia za 5.10 na kuendelea hugawanywa kwa herufi a hadi d, na Mountain Project huruhusu watumiaji kupendekeza daraja ili mwafaka upatikane. Udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba wanaopendekeza kwa kawaida ni waliofaulu. Aliyeshindwa katikati ya njia huondoka kimya, hivyo njia huweza kuonekana rahisi kuliko ilivyo kwa mkweaji wa kawaida. Kuonyesha mtawanyiko wa mapendekezo, badala ya daraja moja pekee, kungempa msomaji picha ya haki zaidi. Nchini Kenya kuna ugumu wa ziada: njia za zamani za vilele vya Batian na Nelion zilipewa madaraja ya Afrika Mashariki kwa tarakimu za Kirumi. Programu inapoyageuza kuwa ya Yosemite, ihifadhi daraja la awali kando yake.

Kuhusu mahali, GPS ya simu hupotoka karibu na ukuta mrefu wa mwamba kwa sababu mawimbi hugonga ukuta kabla ya kuifikia simu. Picha yenye mstari wa njia hufaa zaidi. Maneno "kushoto" na "kulia" nayo yafafanuliwe, kwani kushoto kwa anayeutazama mwamba ni kulia kwa aliyeupa mgongo.

Si kila jambo, hata hivyo, linafaa kuamuliwa na watumiaji. Kuta za Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni makazi ya tumbusi wanaozaliana humo. Kama sehemu ya ukuta imefungwa kwa ajili ya ndege, mwenye mamlaka ya kutangaza kufunguliwa kwake ni msimamizi wa hifadhi, wala si kura za wakweaji hata wakiwa mia.

Lipo pia suala la ukimya. Njia isiyo na ripoti yoyote mbaya husomwa kirahisi kuwa ni salama, wakati huenda haijakwewa kwa miaka. Programu ionyeshe tarehe ya mwisho njia ilipokwewa. Ukimya mwingine unatokana na lugha. Waongozaji wengi wa Mlima Kenya wanazungumza Kiswahili na wanaujua mlima kwa misimu yake, lakini fomu za mrejesho huwa za Kiingereza. Kiolesura cha Kiswahili kingehitaji istilahi zilizokubaliwa za vifaa na vitendo vya kukwea, kazi ambayo wanaisimu na waongozaji wangeweza kuifanya pamoja.

Mwisho ni suala la umiliki. Mwaka 2021 ulizuka mgogoro kati ya onX, kampuni inayomiliki Mountain Project, na mradi wa data huria wa OpenBeta, kuhusu matumizi ya taarifa zilizoandikwa na wakweaji. Mchangiaji anayepima njia kwa jasho lake ana haki ya kujua, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, ni nani atakayeruhusiwa kuzitumia taarifa hizo na kwa masharti gani. Masharti hayo yawekwe kwenye fomu yenyewe, kwa sentensi mbili au tatu, katika lugha anayoielewa.